Kikundi cha familia: ile Denver ya 1994

Kulwa: Mjomba shikamoo. Kuna picha inazunguka kwenye simu za wenzangu wa timu ya kikapu ya shule. Mchezaji mrefu ajabu amelala chali katikati ya uwanja, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, mdomo wazi, hujui analia au anacheka. Wanasema ni Mutombo. Hiyo ni fainali ya mwaka gani?

Mjomba Upanga: Marahaba baba. Hiyo si fainali. Ni raundi ya kwanza tu ya mtoano, tarehe 7 Mei 1994, mjini Seattle. Denver Nuggets wamewatoa Seattle SuperSonics. Na huyo ni Dikembe Mutombo kweli.

Kaka Mwanza: Raundi ya kwanza ndiyo mtu anagaagaa chini hivyo? 😀

Mjomba Upanga: Ndiyo. Na alikuwa na haki yake. Subirini nimalize kula niwaeleze vizuri, hili jambo halielezwi kwa mstari mmoja.

Shangazi Tanga: Hamjambo wanangu. Shemeji, ukianza na mpira wa kikapu hatulali leo.

Mjomba Upanga: Shemeji, leo mtoto ameuliza mwenyewe, lazima ajibiwe.

Kulwa sikiliza. Msimu wa 1993–94 Seattle walikuwa ndio timu bora kuliko zote NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Walishinda mechi 63, wakafungwa 19 tu. Gary Payton, Shawn Kemp, Detlef Schrempf, Sam Perkins, Kendall Gill, kocha George Karl. Na Michael Jordan, nyota wa Chicago, alikuwa ameacha mpira Oktoba 1993, kwa hiyo mlango wa ubingwa ulikuwa wazi na watu wengi walishawaandikia Seattle jina lao juu ya kombe.

Denver wao walishinda 42, wakafungwa 40. Waliingia mtoano nafasi ya 8, ya mwisho kabisa upande wa Magharibi. Tangu mtoano uwe wa timu 16 mwaka 1984, wa 8 hakuwahi kumtoa wa 1. Hata mara moja.

Kulwa: 42 kwa 40 ni kama nusu kwa nusu tu mjomba

Mjomba Upanga: Ni nusu kwa nusu. Lakini angalia walikotoka. Msimu wa 1990–91 timu hiyohiyo ilishinda mechi 20 ikafungwa 62. Mwaka huohuo wa 1991 wakamchukua Mutombo kutoka chuo cha Georgetown, chaguo la 4 timu zilipogawana wachezaji wapya. Mwaka uliofuata wakawapata LaPhonso Ellis na Bryant Stith, na Dan Issel, aliyekuwa mchezaji wao wa zamani, akapewa ukocha. Ushindi ukawa 24, halafu 36, halafu 42. Ni timu iliyokuwa inapanda ngazi, tena ya vijana.

Kaka Mwanza: Mjomba kwa heshima zote, mimi nimeangalia ile mechi ya 5 YouTube. Seattle walijimaliza wenyewe. Presha. Na mwaka uliofuata wakatolewa tena raundi ya kwanza na Lakers, 3 kwa 1. Sasa hapo utasema nani shujaa? Timu ilikuwa na ugonjwa wa mtoano, basi. Denver walibahatika kuwa wa kwanza kukutana nao.

Mjomba Upanga: Neno bahati ndilo nalikataa siku zote. Nakuja hapo.

Dada Aurora: Jamani huku ni asubuhi ndiyo naamka, nakuta mnaongelea mji wangu 😍 Ule uwanja wa zamani waliochezea, McNichols, haupo tena. Ulibomolewa mwaka 2000, sasa ni maegesho ya magari ya uwanja wa Broncos, timu ya futiboli ya Kimarekani. Lakini jezi namba 55 ya Mutombo imetundikwa juu kwenye uwanja wa sasa, tangu 2016. Jirani yangu Mkongo, siku ya kwanza tumeenda naye, alisimama chini ya ile jezi akapiga picha kabla hata ya kutafuta kiti chake.

Yaya Lubumbashi: Ule ni mutoto wa kwetu Congo. Hapa batu bote banajua jina yake. Wakati ule inchi ilikuwa ingali Zaïre.

Mjomba Upanga: Karibu Yaya. Ni kweli, na magazeti ya michezo ya wakati ule yalimwandika hivyo, Mutombo wa Zaire. Alizaliwa Kinshasa 1966, akaenda Marekani mwaka 1987 kwa skolashipu, nia yake awe daktari. Timu ya kikapu ya Georgetown ilimchukua akiwa tayari chuoni.

Haya, mechi zenyewe. Raundi ya kwanza enzi hizo ilikuwa mechi 5, anayetangulia kushinda 3 anapita. Mbili za mwanzo Seattle nyumbani: 106 kwa 82, kisha 97 kwa 87. Imebaki moja tu Denver afungashe virago.

Shangazi Tanga: Mbona kama wameshakwisha

Mjomba Upanga: Kila mtu alisema hivyo shemeji. Wakarudi Denver wakashinda 110 kwa 93. Mechi ya 4 ikaenda dakika za nyongeza, Denver 94, Seattle 85. Soma hiyo namba ya Seattle vizuri, Kaka Mwanza. Timu ya ushindi 63, mechi nzima pamoja na dakika za nyongeza, pointi 85.

Kaka Mwanza: Si ndiyo nasema walikaza roho, mipira ikawa haiingii

Mjomba Upanga: Hapana mwanangu. Haiingii kwa sababu kuna mtu pale chini ya kikapu. Seattle waliishi kwa kunyang'anya mpira na kukimbia, Payton anapora, Kemp anamalizia kwa kuchomeka. Ukitaka kuwaua Seattle uwafanye wacheze polepole, wakutane na Mutombo wakiwa wamesimama. Katika mechi hizo 5 Mutombo alipiga bloki 31, yaani kuuzuia mpira hewani unaporushwa kikapuni. THELATHINI NA MOJA. Hakuna aliyewahi kufikisha hapo katika mfululizo wa mechi 5. Hiyo ni zaidi ya 6 kila mechi, na hizo ni zile zinazohesabiwa. Ile ambayo Kemp anafika, anamwona, anarudisha mpira nje kwa mwenzake, hiyo haiandikwi popote. Na zilikuwa nyingi.

Kulwa: Kwa hiyo alikuwa anasimama tu pale chini anawangoja?

Mjomba Upanga: Swali zuri sana. HAPANA. Na hapa ndipo watu wengi wanapoikosa kazi yake. Wakati ule NBA ilikataza ulinzi wa kanda. Kila mlinzi alitakiwa kuwa na mtu wake, au aende kabisa kumbana mwenye mpira. Ukizurura katikati bila mtu, refa anapuliza. Ruhusa ya kanda ilikuja 2001, na pamoja nayo ile sheria ya sekunde 3 kwa mlinzi, kwamba asikae chini ya kikapu zaidi ya hapo bila mtu wa kumbana. Kwa hiyo Mutombo alikuwa na senta wake wa kumlinda, na Perkins alikuwa senta anayetoka nje kurusha za pointi tatu, makusudi ili amvute Mutombo mbali na kikapu. Akimfuata, njia ya Kemp inafunguka. Asipomfuata, Perkins anarusha. Inabidi aamue ndani ya nusu sekunde amwache mtu wake saa ngapi. Akitoka mapema ni kosa, akichelewa amechomekewa. Mfululizo mzima alikuwa anafanya hesabu hiyo, mtu wa mita 2.18, na mapafu yanamuuma kama ya mtu mwingine yeyote.

Dada Aurora: Na hapo ni Denver mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilipohamia hata kupanda ngazi na mizigo ya sokoni ilikuwa shughuli

Mjomba Upanga: Wageni wanaijua hiyo. Lakini mechi ya 5 ilikuwa Seattle, chini kabisa, pwani, kwa hiyo hewa haikumsaidia mtu. Ilikwenda dakika za nyongeza tena. Denver 98, Seattle 94. Na walioibeba wametoka benchi: Robert Pack pointi 23, Brian Williams pointi 17 na ribaundi 19, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka. Mutombo pointi 8 tu. Nane. Lakini ribaundi 15 na bloki 8. Ribaundi ya mwisho kabisa ikaangukia mikononi mwake, saa ikaisha, akaenda chini nayo. Ndiyo hiyo picha ya wenzako, Kulwa.

Mimi niliiona kwa kanda ya VHS, maana huku Bara hata televisheni zilikuwa ndiyo zinaanza mwaka huo. Rafiki yetu baharia aliileta, tukaikodolea macho Upanga, ukumbi umejaa vijana wa kikapu. Walikuwepo mabingwa wa kurusha kutoka mbali, watu wa mbwembwe. Baada ya ile kanda kila mtu alitaka kukaa chini ya kikapu.

Shangazi Tanga: Shemeji, na yule Muislamu aliyekuwa timu hiyo? Marehemu kaka yako alikuwa akimtaja sana, mtu mwembamba hivi.

Mjomba Upanga: Mahmoud Abdul-Rauf. Ahsante kwa kumkumbusha, maana asingekuwepo yeye Denver wasingefika hata hiyo nafasi ya 8. Zamani akiitwa Chris Jackson, kijana wa Gulfport, Mississippi, kakulia kwenye umaskini. Alisilimu 1991, akabadili jina 1993. Msimu huo ndiye aliyeongoza kwa pointi Denver, 18 kila mechi.

Na ana maradhi ya Tourette. Mwili unajishtua wenyewe, sauti inatoka bila kutaka. Maradhi hayo yalimfanya arudie zoezi mpaka alihisi limekaa sawa, la sivyo haondoki uwanjani. Sasa tazama mitupo huru yake msimu huo: alirusha 229, akaingiza 219. Msimu mzima, miezi yote hiyo, alikosa 10 tu.

Shangazi Tanga: Mashallah.

Kulwa: Mimi nakosa 10 mazoezi ya siku moja 😭

Shangazi Tanga: Si ndiye aliyekuja kufungiwa kwa ajili ya wimbo wa taifa?

Mjomba Upanga: Ndiye. Machi 1996, alikataa kusimama wakati wa wimbo kwa sababu ya imani yake, ligi ikamsimamisha. Wakakubaliana baadaye asimame akiwa anaomba dua. Mwaka huohuo Denver wakamuuza. Aligharimika sana yule kijana na hakurudi nyuma. Hilo ni la siku nyingine, nikilianza leo nitakasirika.

Kaka Mwanza: Mjomba hujanijibu la bahati. Seattle wangeimaliza mechi ya 3 tusingekuwa na haya mazungumzo.

Mjomba Upanga: Nakujibu. Raundi ya pili Denver wamekutana na Utah Jazz, Karl Malone na John Stockton, kocha Jerry Sloan. Timu ya watu wazima, haina haraka, haina presha, haina huo ugonjwa unaousema. Utah wakashinda tatu za mwanzo. 3 kwa 0. Mtu wa bahati hapo anakwenda zake nyumbani, ameshapata picha yake ya ukutani.

Denver wakashinda ya 4. Wakaenda Utah wakashinda ya 5. Wakarudi wakashinda ya 6. 3 kwa 3! Mpaka leo hakuna timu ya NBA iliyotoka 3 kwa 0 ikapita, na hao vijana wa nafasi ya 8 walibakiza mechi moja. Ya 7 walifungwa 91 kwa 81. Na Mutombo katika hizo 7 akapiga bloki 38. Jumlisha na zile 31: bloki 69 katika mechi 12. Hiyo bahati ya kurudi kila siku saa ileile naomba na mimi nipewe.

Kaka Mwanza: Hiyo ya Utah sikuwa naijua. Hapo umenipunguza nguvu.

Lakini bado nasema Seattle walikuwa na sehemu yao.

Mjomba Upanga: Walikuwa nayo, sikatai. Tena usiwadharau. Mwaka 1996 walifika fainali na Chicago ya Jordan, wakafungwa 4 kwa 2. Timu ya ugonjwa haifiki huko. Ndiyo maana nasema Denver waliwatoa watu, hawakuokota.

Dada Aurora: Na huku wenyeji wa makamo ukiwauliza hawaanzi na ubingwa wa 2023 wa kina Jokić. Wanaanza na 94. Wanakwambia walikuwa wapi usiku ule.

Yaya Lubumbashi: Miye mpira sijuwe mingi. Miye nilimujua juu ya opitali. Alijenga opitali Kinshasa, aliipatia jina ya mama yake, Biamba Marie. Vitanda 300. Ilifunguliwa 2007. Mama yake alikufa 1997 wakati wa vita, hakuweza kufika ku opitali. Njo maana.

Mjomba Upanga: Na yeye akafariki 30 Septemba 2024, saratani ya ubongo, miaka 58. Siku ile vijana wengi waliweka video za kidole tu, kile alichokuwa akikitikisa baada ya bloki kukataza, "hapana, hapana". Kidole ni kizuri, watoto walikipenda. Lakini mimi kiliniuma kidogo. Kidole kilikuja baada ya kazi, na kazi hawakuiweka.

Kulwa: Mjomba kocha amenipanga senta, Jumamosi tuna mechi. Nikizuia mpira unatoka nje kila mara, wanarudishiwa wao.

Mjomba Upanga: Kwa sababu unaupiga kofi la hasira. Tafuta video ya mechi ya 4, dakika za mwisho. Acha kuangalia mkono wa Mutombo, angalia miguu. Anayerusha akiwa bado na mguu chini, Mutombo naye yuko chini. Haruki kwa kutishwa, anaruka wa pili. Akishafika juu mkono umenyooka tayari, anaugusa mpira, haupigi, unadondoka kwa mwenzake. Bloki inayobaki uwanjani ni mpira wenu. Ya jukwaani ni makofi tu.

Kulwa: Mguu wake ukitoka chini ndiyo na mimi naruka?

Mjomba Upanga: Hapo hapo. Na usimsahau mtu wako nyuma.

Shangazi Tanga: Kulwa, na mitupo huru je? Nitumie video ya yule Mahmoud, nataka kumwona.

Kulwa: Naitafuta Shangazi, dakika moja.