Matanga yatafanyika mchana

*Kikundi: Familia ya Babu*
*Jumanne, 9 Septemba 2025*

Dada Kampala, 06:12
Bwana asifiwe familia. Nimeamka nakuta kila mahali habari za kijiji cha Ntoyo kuvamiwa. Baba Mdogo yuko wapi? Simu yake haipatikani.

Shangazi Butembo, 06:15
Bado hatujampata. Anayepata habari aandike jina la aliyeonekana, nani amemwona na wapi. Maneno ya "nasikia" tusiyalete humu, tafadhali.

Kaka Beni, 06:31
Niliyezungumza naye yuko Manguredjipa. Anasema walivamia jana usiku kwenye saa tatu, watu wakiwa matangani. Walikuwa na mapanga na bunduki, na nyumba zimechomwa. Ni ADF, wale waasi wenye asili ya Uganda.

Mjomba Goma, 06:40
Mungu wangu. Kwenye matanga?

Kaka Beni, 06:41
Matangani, Mjomba. Watu wamekaa kuzunguka moto, wanamlilia marehemu wao.

Binamu Kasindi, 07:02
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Butembo, 07:04
Asante kwa kuifuta. Zile picha msizilete humu wala kwingine. Asubuhi hii mtoto wa jirani yangu ameitambua shati ya baba yake kwenye simu ya mtu. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia lolote. Mtoto wa miaka tisa! Mkitumiwa, futeni, na aliyekutumia mwambieni naye afute.

Dada Kampala, 07:10
Shangazi, huku mikono inatetemeka. Nani mwingine alikuwa kule?

Shangazi Butembo, 07:18
Baba Mdogo, Mama Mdogo, watoto wao, shemeji yake na yule kijana anayewasaidia kuvuna. Tutawatafuta mmoja mmoja.

Baba Mdogo, 11:47
Niko hai. Tuko Njiapanda, mimi na mama na watoto wote. Tumetembea usiku kucha ndani ya misitu. Simu ni ya kuazima. Shemeji hayupo. Yeye ndiye aliyekwenda matangani, mimi nilibaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa.

Mjomba Goma, 11:48
Tunamshukuru Mungu. Pole sana ndugu yangu, pole sana.

Kaka Beni, 11:55
Poleni Baba Mdogo. Kuhusu shemeji, tusimwandike kati ya waliokufa kabla mtu hajamwona kwa macho. Wale huwa wanachukua watu wakawabebesha mizigo, na wako waliorudi baada ya miezi. Mimi nawafuatilia wanaoshughulikia miili. Ninyi pumzikeni.

Dada Kampala, 12:03
Nimetuma pesa kidogo kwa simu ya Shangazi. Ni ya pikipiki ya kuwaleta Butembo, na dawa ya mtoto.

Mjomba Goma, 12:20
Mimi naona aibu kusema, lakini benki za huku zimefungwa tangu waasi wa M23 waingie mwezi wa kwanza. Hata mwenye pesa hawezi kuitoa. Nitatafuta njia.

Shangazi Butembo, 12:22
Aibu ya nini, Mjomba? Nani asiyejua hali ya Goma? Huku nako M23 wamebana kusini ya Lubero, ADF wako magharibi, na watu wote wanakimbilia Butembo. Nyumba yangu ina nafasi. Waje.

*Alhamisi, 11 Septemba*

Kaka Beni, 09:14
Shemeji amepatikana. Ni miongoni mwa waliofariki. Aliyemtambua ni mtu wa kanisa lake, anamfahamu vizuri. Wanasema waliouawa wamepita 60. Mama Mdogo, tunalia pamoja nawe.

Mama Mdogo, 10:30
Asanteni. Ndiye aliyenilea. Sina maneno.

Shangazi Butembo, 10:44
Matanga tutafanyia hapa kwangu, na yatafanyika mchana. Saa kumi kila mtu aanze kurudi nyumbani. Hakuna kulala matanga. Wazee wataona vibaya, najua, na mimi mwenyewe sikuwahi kufikiri nitasema hivi kuhusu mtu wetu. Lakini Julai kule Komanda waliwakuta watu kanisani usiku wakiomba, zaidi ya 40 wakafa. Sasa ni matangani.

Mjomba Goma, 10:50
Kwa upande wa wazee, mimi naunga mkono. Marehemu hatapungukiwa heshima.

Baba Mdogo, 13:05
Nawashukuru wote. Baada ya maziko nitarudi shambani siku chache. Kakao imeiva mtini, na ile niliyokwisha kuvuna nimeiacha kwenye kasha chini ya majani ya ndizi, haijageuzwa hata mara moja. Itaoza yote. Karo ya watoto iko mle.

Dada Kampala, 13:06
Hapana Baba Mdogo!

Kaka Beni, 13:21
Baba Mdogo, nisikilize kama mtoto wako. Oktoba 2014 walipoanza huku kwetu, Ngadi na Eringeti, wakulima walikimbia, wakakaa kidogo, wakarudi kwa sababu ya mavuno. Wengi wameuawa hivyo, mmoja mmoja shambani, na habari zao hazikufika redioni. Kakao haina safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukivuna unapasua, unaichachusha karibu wiki nzima huku unaigeuza, ndipo unaanika. Siku zote hizo unalala wapi? Na moshi wako unaonekana.

Baba Mdogo, 13:30
Nisipovuna mimi, atavuna mwingine. Unajua bei. Mwezi wa 12 ilipita dola 12,000 kwa tani huko ng'ambo. Imeshuka, lakini bado inatafutwa. Shamba likikaa wiki mbili bila mwenyewe, mti unabaki majani matupu.

Kaka Beni, 13:34
Najua. Mashamba ya kwetu yalivunwa na watu tusiowajua, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa. Inaniuma sana. Lakini tangu jeshi letu na la Uganda waanze operesheni ya Shujaa dhidi ya ADF mwaka 2021, hawa watu wanasukumwa kutoka Beni, wanahamia kwenu Bapere, huko Lubero. Bado wamo msituni humo humo.

Mama Mdogo, 13:52
Baba watoto, nimemzika kaka yangu akilini tangu juzi. Usinipe wa pili.

Shangazi Butembo, 14:10
Karo tutagawana. Mimi nachukua mtoto wa kwanza.

Dada Kampala, 14:11
Mimi wawili wadogo, muhula huu na ujao.

Mjomba Goma, 14:19
Aliyebaki aandikwe kwangu. Nitatuma kwa simu kidogo kidogo, hata kwa makato.

Binamu Kasindi, 14:25
Mimi naweza kumtafutia kazi ya mizigo hapa mpakani.

Baba Mdogo, 15:40
Nimesoma yote. Nitangoja mpaka wenzangu wa Manguredjipa waseme kama barabara ina askari na kama kuna watu wanaokwenda kwa kundi. Peke yangu siendi.

Kaka Beni, 15:42
Na hata kwa kundi, utuambie humu kabla hujatoka.

Baba Mdogo, 15:43
Nitawaambia.

Shangazi Butembo, 15:50
Sawa. Kesho maziko saa nne asubuhi. Wanaotoka Beni wapitie kwangu kwanza, turubai moja haitoshi, mwenye nyingine aje nayo.