Dizeli: jina la mtu, la injini au la mafuta?

Mtafsiri_Pwani:
Wakuu, kuna mwongozo wa jenereta unaotakiwa uwe wa Kiswahili, na neno "diesel" linasumbua. Mara ni mafuta, mara ni injini, na ukurasa mmoja unamtaja Diesel kama mhandisi Mjerumani. Kipi kilitangulia? Tuandike dizeli, diseli au tuliache kama lilivyo? Halafu kwenye jedwali la mafuta kuna AGO na gasoil. Ni kitu kimoja au aina tofauti?

Pistoni40:
Alianza mtu, ikafuata injini, mafuta yakaja mwisho kabisa.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa watu wa Bavaria. Hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Ujerumani, namba 67207, inahesabiwa kuanzia 28 Februari 1892. Alichodai humo ni mbinu ya kazi: hewa tupu ibanwe kwenye silinda mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yakiingizwa, bila cheche wala moto wa nje. Mafuta gani? Hilo halikuwa kiini cha hoja; alifikiria hata unga wa makaa ya mawe.

Jaribio la kwanza mjini Augsburg, Ujerumani, Agosti 1893, lilitumia petroli, na kipimo cha mgandamizo kikapasuka. Injini iliyokubalika ni ya 1897: kipenyo cha silinda mm 250, mwendo wa pistoni mm 400. Februari mwaka huo Profesa Moritz Schröter aliipima akapata karibu nguvu farasi 18 kwa mizunguko 154 kwa dakika, na asilimia 26.2 ya joto la mafuta ikawa kazi. Ilikuwa inachoma mafuta ya taa! Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Sasa angalia hako ka "ya" ketu. "Injini ya Diesel" mwanzoni ilikuwa kama "shamba la Juma", yaani mwenyewe yupo. Leo tunaisikia kama "jiko la mkaa", yaani inachotumia. Jina la mtu limehamia kwenye tangi.

Kapi:
Mnamsahau Mwingereza Herbert Akroyd Stuart. Hataza yake ni ya 1890, na injini yake nayo haikuwa na plagi ya cheche. Kwa haki jina lingekuwa lake.

Pistoni40:
@Kapi, tarehe uko sawa, ila mbinu ni nyingine. Ile ya Stuart ilikuwa na chemba pembeni ya silinda ambayo lazima uipashe kwa taa ya moto kwanza, ndipo injini iwake. Mgandamizo wake ulikuwa mdogo, hautoshi kuwasha mafuta peke yake. Injini ya dizeli ya leo hubana hewa kufikia kama sehemu 1 ya 16 hadi 20 ya ujazo wake, na joto hupita nyuzi 500. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi. Petroli inataka zaidi ya 250, ingawa kwa cheche inashika upesi mno. Hapo ndipo wengi huchanganya.

Ngeli_na_Nahau:
Andika dizeli. Kijerumani hutamka s ya katikati kama z, kwa hiyo tahajia yetu iko karibu zaidi na jina lenyewe kuliko inavyodhaniwa. I ya mwisho ni kawaida yetu, kama hoteli na baiskeli. Mtu mwenyewe mwachie Diesel kwa herufi kubwa. Upatanisho: "dizeli imekwisha", lakini "mafuta ya dizeli yamekwisha". Usichanganye kwenye sentensi moja.

AGO na gasoil zote ni dizeli. AGO ni ufupisho wa kibiashara wa Kiingereza (automotive gas oil), utaukuta kwenye ankara na malori ya mafuta. Kisa cha "gas" humo ni kwamba karne ya 19 mafuta haya yalitumika kutengenezea gesi ya taa za mijini. Hayahusiani na mtungi wa kupikia. Hatari iko kwa wanaovuka mpaka: Burundi na Kongo, gasoil au mazutu ni dizeli, na esansi ndiyo petroli. Mtu aliyezoea neno la Wamarekani "gasoline", ambalo ni petroli, akiona "gasoil" anajaza kinyume. Weka onyo hilo kwenye jedwali.

FundiPampu:
Na onyo liandikwe kwa sababu zake, watu wasilipuuze. Pampu na nozeli (ncha zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda) hulainishwa na dizeli yenyewe. Petroli ni kavu: chuma kinasagana na chuma, unga wake unasafiri hadi kwenye nozeli, na kwenye injini za sasa zenye shinikizo la hadi bar 2,000 itabidi ubadilishe pampu, nozeli na mabomba kwa mkupuo.

Petroli ikishaingia: usiwashe, hata swichi usifungue, maana injini nyingi zina pampu ya umeme ndani ya tangi inayoanza hapo hapo. Toa mafuta yote, badilisha filta, jaza dizeli safi, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe kwenye skrubu ya kutolea hewa, kisha ndipo upige stata. Kuongeza dizeli juu ili "kuzimua" ni kujidanganya.

Mtafsiri_Pwani:
Asanteni sana. Moja la mwisho: mwongozo unasema dizeli haina plagi, halafu kurasa mbili mbele unataka plagi zikaguliwe.

FundiPampu:
Hizo ni hita plagi. Hazitoi cheche; ni ncha ya chuma inayopata moto mwekundu kabla ya kuwasha, kusaidia injini ikiwa baridi. Ukipima kwa mita, nzima husoma karibu na ohm 1; isiyosoma kitu imekatika. Usiandike "plagi" tupu, mteja ataenda dukani kununua za petroli.