Kikundi: WA KWA BIBI UYOLE

ALHAMISI

18:04 Shangazi Tusa: Wapendwa habari za jioni. Jumamosi kwa Bibi watoto watakuwa tisa. Pasaka mliona wenyewe, simu nne watoto tisa, na kabati la vyombo la Bibi mnajua lilivyo sasa. Safari hii nimeandaa mchezo wa kutafuta pacha. Nahitaji mtu wa maboksi, mtu wa mkasi na mtu wa mkeka.

18:05 Mama Pacha: Pacha wangu mnawatafutia nini tena

18:05 Shangazi Tusa: Siyo wako.

18:06 Mama Pacha: Maana wangu hata hawafanani, mtakesha 😂

18:06 Ipyana: 😂😂😂

18:21 Shangazi Tusa: Nisikilizeni. Unakata kadi za kulingana, kila moja kama kiganja. Kila picha unaichora mara mbili. Ndizi mbili, majembe mawili, kuku wawili. Unachanganya, unazilaza kifudifudi kwa mistari iliyonyooka, ili mtoto aweze kukumbuka kila kadi ilipo. Anafunua moja, anaitaja kwa sauti, anafunua ya pili. Zikifanana ni zake. Zisipofanana, wote wakishaziona anazifunika PALE PALE, asizisogeze. Anafuata mwenzake.

18:22 Ipyana: Hiyo si karata shangazi? Kwa Bibi? Na mzee wa kanisa akipita kusalimia?

18:23 Mama Pacha: Tutamgawia na yeye

18:23 Ipyana: Akifunga anakula sadaka 😂

18:25 Shangazi Tusa: Ipyana unaleta nini Jumamosi? Andika hapa.

18:58 Mama Beka: Dada, Beka ana mitatu. Ataweza kweli?

19:03 Shangazi Tusa: Kwa Beka usifunike. Weka kadi nane tu, yaani pacha nne, picha zikiangalia juu, umwambie "nitafutie mwenzake kuku". Akishazoea ndipo unafunika. Wa miaka mitano anza nao pacha sita. Wale wa darasa la kwanza na la pili wape hata 12, kadi 24. Ukimpa Beka kadi 24 atazifunua zote kwa mpigo na kuzikalia.

19:04 Mama Beka: Huyo ndiye yeye kabisa

19:04 Shangazi Tusa: Na kuna wanaocheza kwamba ukipata pacha unaendelea kufunua. Kwa wadogo sitaki. Mmoja anashika moto, wengine wanane wanaanza kulia. Kila mtu zamu moja.

19:11 Ba Mdogo Lusajo: Maboksi ya nini. Tumieni visoda, huku Kabwe vimezagaa mlangoni kwa baa. Unabandika picha kwa ndani, unafunika. Bure.

19:12 Mama Beka: Visoda HAPANA shemeji. Usiku ule wa kifungo cha koti mmeusahau? Kitu chochote kinachoingia mdomoni kwa Beka sikitaki.

19:14 Shangazi Tusa: Na kingo zinakata. Maboksi. Manila nayo msilete. Juzi nilijaribu na watoto wa jirani, wino ukapenya nyuma, kuna kitoto hapo kikawa kinasoma ndizi kabla haijafunuliwa. Kilinifunga saba kwa mbili. Nikafikiri ni akili.

19:15 Mama Pacha: Na akili ipo, wewe simu yako unaitafuta umeishika

19:17 Shangazi Tusa: Migongo ya kadi zote iwe sare. Boksi likiwa na maandishi ya sabuni, bandika karatasi nyeupe juu yake. La sivyo wanakariri maandishi, picha hawana habari nayo. Kwa hiyo gundi, karatasi na kalamu za rangi: kila nyumba elfu mbili. Namba ile ile.

19:40 Ba Mdogo Lusajo: Kama ya turubai.

19:41 Ipyana: 👀

19:52 Mama Pacha: Jamani tusianze

20:06 Ba Mdogo Lusajo: Sijaanza kitu. Nauliza tu, nyumba saba zilitoa, mvua ikatunyeshea, na turubai hadi leo hatujaliona. Mwenye risiti aiweke hapa.

20:07 Shangazi Tusa: Ujumbe huu umefutwa

20:09 Shangazi Tusa: Nani ana mkasi?

IJUMAA

06:31 Shangazi Tusa: Amkeni. Mkasi. Maboksi. Mkeka. Nimechora pacha saba peke yangu, nimelala saa saba usiku.

06:50 Mama Beka: Maboksi mimi. Ya biskuti, nimeomba dukani.

07:15 Atu (kwa Bibi): Shikamooni wakubwa zangu. Bibi ameniamuru nimsomee yote ya jana. Nimesoma. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

07:19 Atu (kwa Bibi): "Ndaga wanangu. Tusa hakula hela ya mtu. Turubai mimi ndiye nilisema lisinunuliwe. Ile hela ilikwenda Tunduma. Aliyekuwa Tunduma mwezi ule anajijua, na anajua alirudi nyumbani kwa nauli ya nani. Nilimwambia Tusa anyamaze, amenyamaza miaka minne huku mnamtafuna. Sasa nimesema mimi. Mezeni."

07:20 Atu (kwa Bibi): Amesema pia watoto wacheze sebuleni, jikoni kuna moto. Simu zote zitawekwa kwenye ungo mlangoni, na za wakubwa pia. Na msichore nyoka.

08:44 Mama Beka: Tumesikia mama.

08:45 Mama Pacha: Tumesikia mama

11:02 Gwamaka chuo: Nimeingia sasa hivi. Tunduma kuna nini??

11:03 Ipyana: Gwamaka kasome

11:03 Gwamaka chuo: Hapana nauliza tu

11:04 Ipyana: KASOME

13:30 Shangazi Tusa: Tuendelee. Nimeshachora ndizi, parachichi, kuku, jembe, mwavuli, kikombe, bajaji. Zimebaki pacha tano kufika 12. Anayechora achore kitu ambacho mtoto anakijua kwa jina, asituletee ramani. Na zile mbili zifanane kweli, rangi moja, ukubwa mmoja. Watoto wana macho.

13:34 Mama Pacha: Wangu wanauliza wakifungana sare nani anashinda

13:36 Shangazi Tusa: Pacha 12 kwa watu wawili, sare inawezekana. Wakifungana wanarudia.

13:37 Mama Pacha: Watarudia mpaka Jumatatu

16:10 Mjomba Makambako: Tunakuja sita siyo wanne. Mvua huku inapiga. Kuna mahali pa kulala?

16:12 Shangazi Tusa: Mjomba hilo muulize Bibi. Watoto wangapi kati ya hao sita? Nigawe makundi mawili au matatu? Kumi na moja kwenye mkeka mmoja hawakai, zamu ikimrudia mtoto atakuwa ameshasahau kila kitu.

16:12 Shangazi Tusa: Mjomba?

19:25 Mama Beka: Maboksi nimekata kadi 30. Mkasi nimetumia wa Mama Pacha, ni butu, vidole vyangu vimekwisha.

19:26 Mama Pacha: Mkasi wangu ulikuwa kwako tangu lini???

22:48 Ba Mdogo Lusajo: Dada.

22:48 Ba Mdogo Lusajo: Nimechora samaki wawili na ng'ombe wawili. Ng'ombe mmoja ametoka kama mbuzi.

22:51 Shangazi Tusa: Wanatakiwa wafanane Lusajo.

22:52 Ba Mdogo Lusajo: Najua. Narudia.

22:53 Ba Mdogo Lusajo: Elfu mbili nimetuma. Nimeongeza.

22:59 Shangazi Tusa: Nimeiona.

23:05 Shangazi Tusa: Saa nne asubuhi tuwe tumefika. Bado pacha tatu. Ipyana hajasema analeta nini. Na mkeka nani?