Mrejesho: nimeangukia Django, Node.js nimeiweka pembeni kwanza

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza nitumie nini upande wa seva kwa mfumo wa oda na stoo, Node.js (inaendesha JavaScript kwenye seva), Laravel (kiunzi cha kujengea tovuti kwa PHP) au Django (kiunzi kama hicho, ila cha Python), na wengi mkasema tumia lugha unayoijua. Mimi nikajifanya mjuaji, nikaanza na Node.js na Express (kiunzi chepesi cha Node.js) eti JavaScript itakuwa mbele na nyuma, yaani kwenye kivinjari na kwenye seva, kumbe Express inakupa hasa njia za URL, mambo ya login, kukagua fomu, kubadilisha majedwali ya database, yote unatafuta paketi (kodi za watu wengine za kuongezea) mwenyewe na kila paketi ina wapinzani wake, wiki mbili zimeisha sina hata ukurasa mmoja wa maana.

Nikarudi kwenye Python. Django nimeandika modeli (maelezo ya majedwali kwa Python), nikapiga makemigrations na migrate, amri za kutengeneza majedwali yenyewe, nikasajili modeli kwenye admin, kurasa za usimamizi zinazokuja na Django, jioni ile ile naingiza bidhaa. Nilichoka kwa kweli 😂

Ila kuna sehemu imenitoa jasho. Ukurasa wa oda 200 ulikuwa unajikokota, kuangalia naona kweri (maombi ya data) 201 zinaenda PostgreSQL, database yangu, moja ya oda halafu kila oda inaenda tena kumtafuta mteja wake. Nikaweka select_related('mteja'), inayoiambia Django ichukue oda na wateja wake kwa pamoja, ikabaki kweri moja.

Laravel sikuigusa kabisa, sio mbaya, PHP tu ndo siijui. Sehemu ya kuchati (kutumiana ujumbe papo hapo) nayo bado sijaanza, hiyo labda Node.js itarudi.