Safari ya basi Scotland na wazee watupu, niende au niache?

Wakuu kwema? Naombeni ushauri. Mi niko Birmingham, miaka 34, mwezi wa tisa nina likizo na nimeona safari ya basi ya kwenda Scotland, mnapita Edinburgh, bonde la Glencoe, ziwa la Loch Ness mpaka kisiwa cha Skye na kuna mtu wa kuwaelezea njiani. Bei imenivutia maana hoteli, chai ya asubuhi na msosi wa usiku vyote vimo, na kuendesha mwenyewe zile barabara nyembamba za Skye za gari moja, mwenzio akija mpaka mmoja ajibanze pembeni, aisee siwezi.

Sasa nilivyopiga simu dada akaniambia wengi ni wastaafu, 70 kupanda, yani ni shikamoo kiti kwa kiti (japo wazungu hawana habari nayo). Sina noma na wazee, nimelelewa na bibi, ila nawaza mwendo wao, saa tatu usiku hoteli kimya na mi napenda kupanda vilima. Halafu chumba cha peke yako eti unaongeza hela!

Aliyewahi kwenda aniambie, mnapewa muda wa kuzurura au ni kufuatana tu? Na viti vinapangwa au ni kuwahi?