Uwatu, mbegu za kitani au vidonge vya cohosh kwa joto la ukomo wa hedhi?

MamaMakorora
Asalaam aleikum wapendwa. Nina elfu arobaini mkononi na sitaki kuitupa. Joto linanipanda kifuani mpaka usoni, usiku naamka kanga imelowa chapachapa, nabadilisha, muda si muda nyingine nayo imelowa. Kuna dada ananiuzia vidonge vya mitishamba vya cohosh nyeusi, chupa elfu thelathini na tano. Pale soko la Mgandini naona uwatu na mbegu za kitani kwa bei ndogo. Nichukue kipi?

BintiPangani
Uwatu! Loweka kijiko usiku, asubuhi unywe maji yake na mbegu uzitafune. Mie usingizi umerudi.

DukaLaDawa
Dada, una umri gani? Hedhi imekoma lini? Una presha, sukari, ini? Kuna dawa unameza kila siku? Bila hayo tunabahatisha.

BiChumbageni
Pole mwenzangu. Kabla hujaloweka huo uwatu, sikia yangu. Mie nina sukari, nameza vidonge asubuhi na jioni. Joto liliponianza nikawa nakunywa uwatu glasi asubuhi, glasi jioni, na chakula nikakipunguza maana nilisikia unakata na unene. Wiki ya pili niko jikoni nachoma maandazi, jasho likanitoka kichwani mpaka magotini, mikono inatetemeka hata chujio likaniponyoka. Nikasema ni lile joto langu, nikaongeza glasi nyingine ya uwatu! Binti yangu alinikuta nimekaa chini, namjibu maneno yasiyoeleweka, mafuta yanaungua. Akanikorogea maji ya sukari nikanywa. Hospitali wakaniambia sukari ilishuka mno. Uwatu nao unaishusha, nami nilikuwa na vidonge na njaa juu yake. Mpaka leo naogopa, maana jasho la sukari kushuka na jasho la ukomo sikuyatofautisha kabisa.

BintiPangani
Pole sana bi. Ila hapo kosa ni kuchanganya, uwatu wenyewe hauna ubaya.

BabaMkonge
Mke wangu anasaga mbegu za katani anatia kwenye uji. Choo kimekuwa laini, joto bado linamsumbua.

MwanaMuheza
Kaka, katani ni mkonge! Mie nimekulia kambi ya mkonge, na kule hata mbegu hatupandi, tunapanda vichipukizi. Unazosema ni za kitani, ndogo, bapa, za kahawia zinazong'aa.

BabaMkonge
Aliyeniuzia aliandika katani kwenye mfuko.

MwanaMuheza
Basi aliyeandika ndiye kakosea.

DukaLaDawa
Turudi kwa dada. Cohosh ni mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini. Majaribio yake yanapingana: mengine yanaonyesha nafuu, mengine hakuna tofauti na kidonge kisicho na dawa. Wapo watu wachache walioripotiwa ini kuumia. Na chupa ya kuuziwa mkononi hujui ndani mna nini. Kitani na soya vina viini vinavyofanana kidogo na homoni ya estrojeni, ndiyo maana vinatajwa sana. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti amuulize daktari kwanza. Bado hujanijibu maswali yangu.

MamaMakorora
Samahani, nilikuwa msibani. Nina miaka 54. Presha ninayo, dawa nameza. Hedhi ilikoma mwaka juzi, ila mwezi uliopita niliona matone mara mbili, nikajua ni uchovu.

DukaLaDawa
Dada yangu, hapo simama. Damu ikirudi baada ya miezi 12 bila hedhi lazima ichunguzwe. Mara nyingi chanzo ni kidogo, lakini saratani ya mji wa mimba nayo huanza hivyo hivyo. Hiyo elfu arobaini iwe nauli na vipimo, wiki hii. Na hilo joto mwambie daktari, kuna tiba ya homoni.

BintiPangani
Homoni si ndizo zinazoleta saratani?

DukaLaDawa
Hofu ilisambaa baada ya utafiti wa Marekani wa 2002. Wanawake wengi mle walikuwa wameshapita miaka 60. Hatari ipo, inategemea umri, aina ya homoni na muda wa kutumia. Lakini kwake damu ichunguzwe kwanza.

BiChumbageni
MamaMakorora, usiende peke yako. Kama huna mtu nitakusindikiza hospitali ya Bombo, niko karibu.

MamaMakorora
Ahsante bi. Jumatatu asubuhi. Yule dada wa vidonge nimemwambia asubiri.

BabaMkonge
Huyo muuza kitani yuko upande gani wa Mgandini?