Msafara wa harusi ukikuzibia njia kwenye kipilefti, unasimama au unapita?

Mgosi wa Pongwe:
Habarini wadau, hasa mlioko Tanga mjini. Jumamosi jioni natokea Muheza, nimeshaingia kipilefti kabisa, mara msafara wa harusi huo unatokea kushoto kwangu, kirikuu ya matarumbeta mbele, kijana wa video kakaa kwenye buti la Noah limeachwa wazi miguu inaning'inia nje, afu bodaboda wawili wakakata mbele yangu wakaninyooshea mkono nisimame mpaka magari yote yapite. Nikasimama maana sikutaka shari kwenye shughuli ya watu, lakini nyuma yangu kuna Fuso nusura inivae. Kwani kisheria wana haki hiyo? Na ustaarabu ni upi hapo?

Dereva Kosta:
Mkuu haki hawana. Kwenye kipilefti anayetoka kulia, ambaye ndo ameshaingia, anapita kwanza, na harusi haibadilishi hilo. Wa kusimamisha magari ni askari, na wa kupishwa kwa king'ora ni polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Msafara wa kiongozi ni jambo jingine, ukiona pikipiki za polisi toa gari kushoto usimame, na usirudi barabarani gari la kwanza likishapita maana mengine yanakuja nyuma kwa spidi kali. Ila ulifanya vizuri kusimama, bodaboda akishajiweka mbele yako utafanyaje, umgonge?

Na ukiwakuta njia kuu, mfano kati ya Muheza na Pongwe wanatembea taratibu, usichomekee katikati yao. Yule uliyemwingilia anaona amepoteza wenzake, anaovateki kwenye kona ili awafikie, hapo ndo watu wanakufa. Kama mbele huoni vizuri au kuna mstari usiokatika kaa nyuma tu, wenyewe watakata kwenda ukumbini.

Bi Mkubwa Ngamiani:
Mwanangu wa Pongwe, umefanya ya kiungwana na usijutie. Harusi ni furaha ya watu, dakika mbili si kitu. Mimi linaloniuma ni jeneza. Huku Ngamiani wanaume wanalibeba mabegani, wanakwenda mbio mbio wanapokezana, kila mtu anataka apate thawabu ya kulishika, na anayepokezwa wala haangalii gari, macho yote yako kwenye jeneza. Siku hizi vijana wanawapigia honi wale! Mwanangu ukiona jeneza weka gari pembeni, zima mziki, ngoja hata wale wazee wa nyuma wanaojikongoja wapite. Hapo wala usiulize sheria.

Mpambaji magari:
Shikamoo Bi Mkubwa, umesema kweli tupu. Mimi napamba magari ya harusi na kupanga misafara, na hao bodaboda wa kuziba njia mimi siwataki, huwa namwambia kabisa mwenye shughuli. Sababu yenyewe ya kuziba njia ni woga wa kupotezana, basi mpe kila dereva jina la ukumbi na namba ya simu ya mtu mmoja, akikatwa njiani atafika mwenyewe, bibi harusi hataanza kula keki bila yeye. Kijana wa video akae ndani afunge mkanda, buti lifungwe, maana breki moja tu ya ghafla yuko chini ya gari la maharusi. Na gari la wagonjwa likitokea linakwenda hospitali ya Bombo, msafara mzima unahama kushoto, hata kama picha ndo zimekolea.

Mgosi wa Pongwe:
Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Sasa zile taa za hazadi, wote wanawasha mwanzo mpaka mwisho wa safari, ni sawa?

Dereva Kosta:
Si sawa hata kidogo. Hazadi ni ya gari lililoharibika au lenye hatari. Ukiwa umewasha, magari mengi indiketa haionekani tena, taa zote mbili zinawaka pamoja, sasa mimi wa nyuma nitajuaje kama unakata kulia kwenda ukumbini? Nikaovateki kulia hapo hapo na wewe unakata, tumeonana. Wawashe taa za kawaida za mbele, wafunge maua na riboni zao, tutajua tu kuwa ni harusi. Na trafiki akikuandikia elfu 30 kwa kosa lako, usimwambie ulikuwa unafuata msafara.

Mpambaji magari:
Hilo la hazadi nalichukua, Jumamosi hii nina msafara wa kwenda Raskazone, nitawaambia madereva kabla hatujawasha magari.